Msaidizi wa vikumbusho kwa barua pepe: mwachie lipi, usimwachie lipi

Swali: Ninaishi Mwanza na ninawafanyia hesabu wafanyabiashara wadogo kadhaa. Karibu kazi yangu yote hupita kwenye barua pepe. Kila nikipakua programu ya vikumbusho kwenye simu ninaitumia wiki moja, halafu ninaisahau. Mwenzangu ameniambia kuna wasaidizi ambao unawatumia barua pepe tu, nao wanakurudishia ujumbe siku unayoitaka. Je, ninaweza kuwategemea kwa tarehe za kodi, kliniki ya mtoto na ahadi za wateja? Na je, ni salama kuwatumia mambo ya wateja wangu?

Jibu: Dada yangu, kwa ahadi za wateja unaweza kumtegemea msaidizi wa namna hiyo bila wasiwasi mkubwa; kwa tarehe za kodi unaweza kumtumia iwapo utaweka na kinga ya pili; na jambo lolote linalotakiwa kufanyika kwa saa na dakika, usimwachie peke yake. Tofauti hii haitokani na ubora wa huduma moja dhidi ya nyingine. Inatokana na barua pepe yenyewe, ambayo ni hodari sana wa kutunza jambo pamoja na maelezo yake, lakini si hodari wa kumshtua mtu aliyeshughulika na mambo mengine.

Nianze na namna wasaidizi hawa wanavyofanya kazi, kwa maana ukiielewa, mengi ya mbele utayakisia mwenyewe. Waliowahi kufanya kazi katika ofisi za serikali wanaukumbuka utaratibu wa masijala: ofisa aliandika juu ya jalada tarehe anayotaka lirudi mezani kwake, mhudumu wa masijala akaiingiza tarehe hiyo katika daftari lake, na siku ilipofika jalada lilirudi likiwa na karatasi zake zote. Msaidizi wa barua pepe ni mhudumu huyo, isipokuwa ni programu iliyoko kwenye seva, yaani kompyuta ya huduma hiyo iliyoko mtandaoni. Unamtumia barua, seva inasoma anwani uliyoitumia, au mstari wa kichwa cha barua, na kutafuta humo maneno ya tarehe, inaihifadhi barua yako pamoja na tarehe hiyo, kisha programu ndogo inayopita mara kwa mara hutazama ni barua zipi zimefikia muda wake na kuzirudisha kwako. Hakuna programu ya kupakua, wala simu yako haihitaji kuwa imewashwa wakati huo, kwa sababu kinachohesabu siku ni seva.

Mojawapo ya huduma zinazojulikana za aina hii inaitwa FollowUpThen, na mfano wake unatosha kukuonyesha nyingine zote. Ukituma barua kwa 3days@followupthen.com, itakurudia baada ya siku 3. Ukiituma kwa aug15@followupthen.com, itakurudia tarehe 15 Agosti. Na ukitumia everymonday@followupthen.com, itarudi kila Jumatatu mpaka uisimamishe. Tarehe imo ndani ya anwani yenyewe, kwa hiyo huna fomu ya kujaza. Uzuri wake hasa uko mahali unapoiweka anwani hiyo. Ukimwandikia mteja kumwomba risiti za mwezi uliopita na kuiweka anwani ya msaidizi katika Bcc, yaani nakala ya siri, mteja haioni, na siku 3 baadaye barua ileile inarudi kwako peke yako. Ukiiweka katika Cc, nakala ya wazi, kikumbusho kitakwenda kwako na kwa mteja pia. Ukiiweka katika sehemu ya mpokeaji mkuu bila mtu mwingine yeyote, ni kikumbusho chako binafsi. Tofauti ya Bcc na Cc hapa ni kubwa kuliko inavyoonekana, na nitaigusa tena chini ninapoeleza usalama.

Kufuatilia majibu ndiyo kazi ambayo, kwa maoni yangu, msaidizi wa barua pepe hana mpinzani. Fikiria kazi yako: unamwandikia mwenye duka la vipuri akutumie taarifa ya benki, anasema atatuma kesho, na kuanzia hapo jambo hilo halimo tena mikononi mwako wala halimo kwenye orodha yoyote. Kengele ya simu ikilia siku 3 baadaye na kuandika jina lake tu, itakubidi uache ulichokuwa unakifanya, utafute mazungumzo yenu, usome mlipoishia, ndipo uandike. Kikumbusho cha barua pepe kinarudi kikiwa ndicho hayo mazungumzo yenyewe: kiasi mlichotaja, kiambatisho, ahadi aliyoitoa kwa maandishi yake. Unabonyeza kujibu na unamwandikia papo hapo. Programu ya Boomerang, ambayo huunganishwa na Gmail na ilianza mwaka 2010, ilisogeza wazo hili hatua moja mbele: unaweza kuiagiza irudishe barua yako iwapo tu hakuna aliyejibu, na jibu likija kabla ya siku uliyoweka, kikumbusho hakirudi. Kwa mtu anayedai nyaraka kwa watu wengi kila mwezi, kama wewe, jambo hilo moja linapunguza usumbufu kuliko mapambo yote ya programu za simu.

Kumbuka pia kwamba zile programu hukuzisahau kwa uvivu. Ziliishi mahali ambapo kazi yako haiishi. Kikumbusho kinachokuja ndani ya kikasha unachokifungua kila asubuhi hakikuombi uanze mazoea mapya.

Sasa upande wa pili. Barua pepe haikuundwa kufika kwa dakika maalumu. Kanuni zinazotawala usafirishaji wake zinaeleza kwamba seva inayotuma, ikikuta seva ya mpokeaji haipatikani au imeikataa barua kwa muda, isubiri angalau dakika 30 kabla ya kujaribu tena, na iendelee kujaribu kwa siku 4 au 5 kabla ya kukata tamaa. Seva nyingine hukataa makusudi barua ya kwanza kutoka kwa mtumaji zisiyemfahamu, zikingojea aijaribu tena, kama njia ya kuwachuja watumaji wa barua taka. Kwa kawaida haya yote hayatokei na barua hufika kwa sekunde chache. Lakini neno «kwa kawaida» halimtoshi mtu anayewahi ndege au anayempa mtoto dawa kila baada ya saa 8. Mambo ya namna hiyo yaachie kengele ya simu, ambayo hulia hata bando likiwa limeisha.

Hatari ya pili ni ya kawaida zaidi nayo ni rahisi kuizuia. Kikumbusho kinaweza kuangukia kwenye folda ya barua taka, hasa siku za mwanzo, kwa sababu kinatoka kwenye mashine inayotuma barua nyingi zinazofanana. Mara tu unapojiunga, iweke anwani ya huduma hiyo katika orodha ya watu unaowasiliana nao, kisha tengeneza kichujio katika akaunti yako kinachoagiza kwamba barua yoyote itokayo kwenye anwani hiyo isipelekwe kamwe kwenye taka, ipewe lebo yake, tuseme «Kumbusho», na iwekewe nyota. Katika Gmail ya simu za Android unaweza kwenda mbali zaidi na kuipa lebo hiyo mlio wake, tofauti na mlio wa barua nyingine. Usipofanya hivyo, kikumbusho chako kitakuwa barua moja kati ya matangazo ya benki, taarifa za mitandao ya kijamii na ankara za wateja, nawe utakipita kwa jicho lilelile unalozipita hizo.

Kabla hujajiunga na huduma yoyote ya nje, ningependa utumie kwanza ulichonacho tayari, kwa sababu watu wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya kazi ya wasaidizi hawa imeshaingizwa ndani ya huduma za kawaida za barua pepe. Tangu 2018 Gmail ina uwezo wa kuahirisha barua kwa kila mtumiaji: unaifungua barua, unabonyeza alama ya saa au kuchagua «Ahirisha» kwenye menyu, unataja siku na saa, nayo inatoweka kwenye kikasha na kurudi juu kabisa wakati huo ukifika. Tangu Aprili 2019 unaweza pia kuandika barua na kuiwekea saa ya kutumwa. Ukijiandikia wewe mwenyewe, umepata kikumbusho kamili bila mtu wa kati, na akaunti moja inaruhusiwa kuwa na barua 100 za namna hiyo zinazosubiri. Kalenda ya Google nayo inaweza kukutumia taarifa ya tukio kwa barua pepe pamoja na arifa ya kwenye simu. Ikiwa unatumia Outlook ya kwenye kompyuta, angalia jambo moja: kwa baadhi ya aina za akaunti, barua iliyowekewa saa ya kutumwa haitaondoka mpaka programu iwe imefunguliwa, kwa hiyo usiitegemee kwa siku ambayo kompyuta itakuwa imezimwa. Kwa mtu anayeanza, kuahirisha barua na kujitumia barua ya baadaye vinatosha kwa mwezi wa kwanza, na faida yake ni kwamba taarifa za wateja wako hazijatoka nje ya akaunti uliyokuwa nayo tangu awali. Utaona haja ya msaidizi wa nje pale utakapotaka kikumbusho kwa njia ya nakala ya siri wakati unatuma barua, au kinachojirudia kila wiki, au kinachojifuta mteja akijibu.

Eneo ambalo watumiaji wa Kiswahili huteleza kuliko wengine ni saa. Wasaidizi wengi wa zamani husoma Kiingereza tu, na hata hawa wapya wanaotumia akili mnemba na wanaoelewa Kiswahili vizuri wanaweza kuisoma «saa tatu usiku» kama saa 3 ya mzungu baada ya usiku wa manane, yaani 03:00, badala ya 21:00. Kosa hili halitoi dalili yoyote siku unapoandika; utaliona siku kikumbusho kitakapokuja umelala. Usimwandikie msaidizi saa kwa maneno. Andika tarakimu nne za saa 24: 09:00 kwa saa tatu asubuhi, 14:30 kwa saa nane na nusu mchana, 21:00 kwa saa tatu usiku. Kadhalika usiandike tarehe kwa namba tupu. Sisi tukiandika 03/04 tunakusudia tarehe 3 Aprili, ilhali huduma iliyotengenezwa Marekani itaielewa kuwa tarehe 4 Machi. Taja mwezi kwa jina au kwa kifupi chake ambacho huduma inakitambua, na mwaka pia ikiwa jambo liko mbali.

Katika mipangilio ya akaunti, chagua ukanda wa saa wa Dar es Salaam au Nairobi, ambao ni saa 3 mbele ya saa ya dunia, kwa sababu huduma nyingi hukuandikisha katika ukanda wa nchi zilikotengenezwa. Hilo ukilifanya mara moja limekwisha, isipokuwa kwa vikumbusho vinavyomhusu mtu aliyeko ng'ambo. Sisi hatubadilishi saa, lakini Marekani hubadilisha Machi na Novemba, na Ulaya hubadilisha Machi na Oktoba; ndugu aliyeko Chicago yuko nyuma ya Mwanza kwa saa 8 majira ya joto na kwa saa 9 majira ya baridi. Kikumbusho cha kila wiki cha kumpigia simu kitahitaji kusogezwa mara mbili kwa mwaka.

Epuka pia kupima muda kwa «baada ya saa 3» au «baada ya siku 2» pale unapotuma barua ukiwa mahali ambapo mtandao ni wa kubahatisha. Barua inaweza kukaa kwenye simu mpaka upate bando, na hesabu ya muda ikaanza ilipoondoka, si ulipoiandika. Tarehe kamili haina tatizo hilo.

Na vile vinavyojirudia vina mitego yake. Ukiweka kikumbusho cha kila mwezi tarehe 31, kanuni ya kimataifa ya kalenda za kompyuta inasema tarehe isiyokuwepo irukwe. Maana yake utakumbushwa mara 7 kwa mwaka, na Februari, Aprili, Juni, Septemba na Novemba zitapita kimya. Kwa kodi ya pango au mishahara ya mwisho wa mwezi, chagua tarehe 26 au 27. Sikukuu za Idd nazo usiziwekee kikumbusho cha kila mwaka kwa tarehe ya kawaida, kwa kuwa mwaka wa mwezi mwandamo ni mfupi kwa takriban siku 11 na Idd husogea nyuma kila mwaka. Mfanyabiashara anayeagiza nguo za Idd kwa kufuata kikumbusho cha mwaka jana atakuwa amechelewa, tena katika msimu ambao wateja hawamsubiri.

Tuje kwenye tarehe zako za kodi. Kwa Tanzania, kodi ya mishahara ya wafanyakazi hulipwa ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata. Ritani ya VAT na malipo yake ni tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Na malipo ya kodi ya mapato kwa awamu, kwa mfanyabiashara ambaye mwaka wake wa hesabu ni wa Januari hadi Desemba, ni mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Ukiwa na mteja upande wa Kenya, huko kodi ya mishahara ni tarehe 9, VAT ni tarehe 20, na ritani ya mapato ya mtu binafsi ni 30 Juni. Wengi huweka kikumbusho siku yenyewe ya mwisho, na hicho si kikumbusho cha kazi, ni taarifa ya kuchelewa. Kazi ya VAT haianzi tarehe 20. Inaanza siku unapowadai watu risiti. Ningeweka vitatu kwa kila mteja. Cha kwanza kingekuwa tarehe 3, kinachorudisha barua ya kuomba nyaraka, ambayo tayari imeandikwa na inahitaji kutumwa tu. Cha pili kingekuwa tarehe 12, cha kuangalia nani hajaleta. Cha tatu, tarehe 17, kingekuwa cha kuwasilisha. Kisha, na hii ndiyo kinga ya pili niliyoitaja mwanzoni, ningeiweka tarehe 20 yenyewe kwenye kalenda ya simu kwa kengele inayolia. Vyote viwili vikikosa siku moja, lawama hazitakuwa za msaidizi.

Kliniki ya mtoto inahitaji utaratibu mwingine. Chanjo za utotoni kwetu hufuata umri: kuzaliwa, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18. Inavutia kukaa siku moja na kuziandika zote kuanzia tarehe ya kuzaliwa, lakini nisingekushauri hivyo, kwa sababu zile za wiki ya 6, 10 na 14 zinapaswa kupishana kwa wiki 4, na hudhurio moja likichelewa linasogeza linalofuata, ukabaki na vikumbusho vinavyobishana na kadi. Kila unapotoka kliniki, chukua tarehe aliyoiandika muuguzi kwenye kadi na uweke kikumbusho cha hudhurio moja tu linalofuata, kifike siku moja kabla, jioni, saa 19:00, wakati ambao bado unaweza kupanga nani atakwenda. Piga picha ya ukurasa huo wa kadi uiweke kwenye kalenda yako, si kwa msaidizi wa nje.

Kuna jambo moja ambalo huduma yoyote haiwezi kukufanyia, nalo ni kuandika kikumbusho vizuri. Mtu anayeandika leo anajua kila kitu. Mtu atakayekisoma baada ya wiki 6, ingawa ni yeye yuleyule, hajui chochote. Kichwa cha barua kisiwe «TRA» au «yule mteja wa Kirumba». Kianze na kitenzi na kibebe jambo zima: «Wasilisha ritani ya VAT ya Juni ya duka la vipuri, risiti za manunuzi ziko bahasha ya kijani». Ndani ya barua weka kiasi kinachohusika, mtu wa kuzungumza naye, na hatua ya mwisho uliyofikia. Kikumbusho kinachokulazimisha kufikiri upya kilihusu nini utakiahirisha, kisha utakiahirisha tena, na baada ya hapo kimekufa hata kama bado kinarudi. Kwa sababu hiyohiyo jiwekee kanuni ya kuahirisha mara moja tu. Kikirudi mara ya pili, kifanye, kifute, au mpe mtu mwingine.

Sasa usalama, ambao uliuliza kwa haki kabisa. Tenganisha kwanza aina mbili za huduma. Ya kwanza ni ile unayoitumia barua wewe mwenyewe: inaona barua ulizoitumia na hakuna zaidi. Ya pili ni ile inayoomba kuunganishwa na akaunti yako, isome kikasha chote na wakati mwingine itume barua kwa niaba yako. Boomerang na wasaidizi wengi wapya wa akili mnemba wako upande huu. Aina ya pili inaweza kufanya mengi zaidi, kama kugundua kwamba mteja amejibu, lakini umeipa ufunguo wa nyumba nzima. Ikiwa akaunti yako ina taarifa za benki na namba za utambulisho wa mlipakodi za watu wengine, nisingeiruhusu huduma ya aina ya pili bila kujua kampuni yake iko wapi, inapata wapi fedha za kujiendesha, na inazihifadhi barua kwa muda gani. Huduma ya bure isiyosema inapata wapi fedha ina jambo inalolificha, au haitadumu.

Wasaidizi wa akili mnemba wana hatari moja zaidi ambayo haikuwepo zamani. Kwa kuwa wanasoma maandishi na kutenda kwa kuyafuata, mtu anaweza kukuandikia barua yenye maneno yaliyofichwa, kwa mfano kwa herufi nyeupe juu ya karatasi nyeupe, yanayomwagiza msaidizi wako afanye jambo ambalo wewe hukulitaka. Watafiti wa usalama wamelionyesha hili mara nyingi. Ukiamua kumtumia, mruhusu asome na akumbushe, usimruhusu atume wala kufuta bila wewe kuthibitisha.

Tena kuna sheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Zote mbili zinamhusu mtu anayeshika taarifa za wengine kwa kazi, na zote mbili zina masharti juu ya kuzisafirisha taarifa hizo nje ya nchi. Seva za huduma hizi karibu zote ziko nje. Njia rahisi ya kutoingia katika mjadala huo ni kutompelekea msaidizi kile asichokihitaji. Kikumbusho hakihitaji taarifa ya benki ya mteja. Kinahitaji kukuambia ni folda gani uifungue. Mpe kila mteja namba au kifupi unachokijua wewe, na uandike «Wasilisha VAT ya M4, nyaraka ziko folda ya Juni». Ondoa viambatisho kabla ya kumwekea msaidizi nakala, kwa sababu anapopokea barua anapokea vyote vilivyomo. Nywila na namba za siri usimwandikie kabisa, hata ukidhani ni kwa siku moja.

Na ile Cc. Kuiweka anwani ya msaidizi katika nakala ya wazi kwa bahati mbaya kunaweza kumfanya mteja apokee siku ya Jumatatu kikumbusho ulichokikusudia wewe peke yako. Kwa kawaida hayo hayana madhara, lakini utakuwa na maelezo ya kutoa. Jizoeze kuiweka katika Bcc peke yake, na maneno ya faragha yaandike katika barua tofauti.

Lililobaki ni uhai wa huduma zenyewe. Mwaka 2007 palikuwa na msaidizi wa barua pepe aliyeitwa Sandy, aliyetengenezwa na Rael Dornfest, ambaye watumiaji walimpenda kwa sababu uliweza kumwandikia sentensi za kawaida naye akaelewa; Desemba 2008 alifungwa, mtengenezaji wake alipokwenda kufanya kazi Twitter. Kampuni ya x.ai ya New York, ambayo msaidizi wake aliitwa Amy na kazi yake ilikuwa kupanga mikutano kwa barua pepe, ilisimamisha huduma hiyo mwaka 2021. Hata Inbox ya Google, iliyowazoesha watu wengi kuahirisha barua, ilifungwa mwaka 2019, ingawa mazoea yake yalihamia Gmail. Jambo la wiki 2 zijazo unaweza kumwachia msaidizi yeyote. Jambo la miaka 3 ijayo, kama kumalizika kwa pasipoti, ambayo nchi nyingi hutaka iwe na uhai wa miezi 6 mbele ya safari, liandike kwenye kalenda yako mwenyewe na pia kwenye daftari la karatasi lililoko nyumbani.

Ukiwa tayari kuanza, anza na wateja 2 tu na barua za kudai nyaraka tu, kwa kutumia kuahirisha kwa Gmail kabla ya kitu kingine chochote. Jitumie kikumbusho cha majaribio cha kesho saa 09:00 uone kinafika saa ngapi na kinaangukia folda gani. Baada ya wiki chache, kama bado unatamani nakala ya siri inayorudi yenyewe, jiunge na huduma ya aina ya kwanza, tengeneza kichujio chake siku hiyohiyo, na kila Ijumaa mchana fungua orodha ya vikumbusho vinavyosubiri, ambayo huduma nzuri hukuonyesha, ufute vile ambavyo mambo yake yameshamalizwa kwa simu au ana kwa ana.